Kibanio cha maua cha shilingi 90,000 na kile cha mabaki ya plaiwudi: uzoefu wangu wa mwaka mmoja Tanga

Mwezi Machi mwaka jana niliagiza mtandaoni kibanio cha kukaushia maua, kile cha mbao mbili zinazofungwa kwa bolti kwenye pembe, kwa shilingi 78,000, na usafirishaji mpaka Tanga ukaongeza shilingi 12,000. Nilikuwa nimevutiwa na kadi na fremu zinazopambwa kwa maua halisi yaliyobanwa yakakauka yakiwa bapa, na kwa kuwa uzio wetu hapa Chumbageni umefunikwa na bogenvilia mwaka mzima, niliamini kwamba nilichokosa ni kifaa tu. Sasa nimekitumia mwaka mmoja, na kwa miezi minane ya mwaka huo nimetumia sambamba kibanio kingine nilichotengeneza mwenyewe. Maoni yangu ni kwamba kifaa cha dukani kimeundwa vizuri, lakini fedha ile ingenifaa zaidi kama ningeitumia kununua karatasi na vioo. Naeleza kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu, na mkazi wa pwani akiyafuata kama yalivyo atayaharibu maua yake kisha adhani kosa ni lake.

Kifaa kilifika kikiwa salama. Mbao zake zimepigwa msasa vizuri, kila upande una sentimita 15, na nati zake zina masikio, hivyo hukazwa kwa vidole bila spana. Ndani yake mlikuwa na karatasi nane za kunyonya maji na vipande vitano vya kadi nyeupe, nene na ngumu. Upungufu wa kwanza niliouona ni udogo wake: jani zima la kangaga halienei humo, ikabidi nilikate, na kangaga likikatwa ncha hupoteza umbo ambalo ndilo nililoliendea.

Upungufu wa pili ulijitokeza Aprili, masika yalipokolea. Nilijaza bogenvilia, waridi nilizoomba kwa jirani na maua mawili ya haibiskasi, nikakaza nati mpaka vidole vikaniuma, kisha nikakiweka kibanio juu ya kabati kwa wiki mbili bila kukigusa, kama maelekezo yalivyosema. Nilipokifungua, waridi zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu, haibiskasi zilikuwa zimegandamana na karatasi kana kwamba zimepakwa gundi, na bogenvilia ilikuwa nzima lakini ina madoa ya kahawia. Nikadhani sikukaza vya kutosha. Mara ya pili nikakaza zaidi, na ukungu ukaota zaidi.

Aliyenizindua ni binamu yangu, ambaye kwa miaka kadhaa aliwasaidia wataalamu wa mimea kukusanya sampuli katika milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani. Alikuja kututembelea mwezi Julai, nikamwonyesha kifaa na maua yaliyoharibika. Alikigeuzageuza mikononi, akaniuliza, "Dada, hewa inapitia wapi humu?" Nikamjibu kwamba maelekezo yanataka nikaze tu. Akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo naliona kuwa ndilo msingi wa kazi yote: kubana hakukaushi ua, bali hulizuia lisijikunje wakati linakauka. Linalolikausha ni karatasi inayonyonya maji yake, pamoja na hewa inayoyaondoa maji hayo kwenye karatasi. Karatasi ikishalowa na isibadilishwe, kinachobaki kati ya mbao mbili ni mahali pazuri pa kuoteshea ukungu.

Wataalamu aliofanya nao kazi hutumia vifaa vya bei ndogo kuliko changu. Kila mmea hulazwa ndani ya gazeti, na baina ya gazeti na gazeti huwekwa kadibodi yenye mawimbi ndani, ile ya maboksi ya bidhaa, vifereji vyake vikielekea upande mmoja ili hewa ipenye mpaka katikati. Rundo lote hufungwa kwa mikanda kati ya fremu mbili za fito, magazeti yaliyolowa hubadilishwa, na wakati wa mvua rundo hupitishiwa joto la kiasi. Kwa njia hiyo mmea hudumu zaidi ya miaka 100. Hazina ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilianzia huko huko Amani mwaka 1902 kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Ilinipa faraja kujua kwamba mbinu niliyokuwa nikiisaka mitandaoni imekuwa ikitumika mlimani, safari ya saa chache kutoka kwetu, tangu enzi za Wajerumani.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaani, akanikatia vipande viwili vya mabaki ya plaiwudi, sentimita 34 kwa 26, na kutoboa tundu moja kila pembe, yote kwa shilingi 4,000. Bolti nne ndefu na nati zake ziligharimu 6,000. Ukubwa huo niliuchagua kwa makusudi, kwani karatasi ya A4 hukaa katikati bila kugusa bolti. Rimu moja ya A4 ilikuwa shilingi 13,000, na kadibodi nilipewa bure dukani, nikaikata ili vifereji vyake vipite upande mfupi, kwa kuwa hewa hutoka haraka zaidi ikiwa na mwendo mfupi. Hivyo kibanio na karatasi zake vilinigharimu shilingi 23,000, tena rimu ile bado haijaisha, kwa kuwa karatasi zilizonyonya maji hazitupwi: naanika kwenye kamba, zikikauka narudisha kazini. Nilijaribu magazeti kwanza, lakini wino wake uliacha alama kwenye petali nyeupe. Karatasi za jikoni zenye vinundu nazo sizipendekezi, maana vinundu vyote hujichapa kwenye ua.

Nilitaka kuwa mwadilifu kwa kifaa cha dukani, hivyo nilivipima vyote viwili kwa maua ya tawi moja, siku moja. Bogenvilia ilikauka kwa siku 6 katika kibanio changu, na kwa siku 12 katika kile cha dukani nikitumia kadi zake ngumu. Kisha nikazitoa kadi hizo, nikaweka kadibodi ya boksi badala yake na kubadilisha karatasi kwa ratiba ile ile, na tofauti yote ikatoweka. Kwa hiyo mbao zake hazina kosa. Kosa lipo katika zile kadi zisizopitisha hewa, katika uchache wa karatasi, na katika maelekezo yanayomwambia mnunuzi afunge na kusahau. Kifaa cha bei hiyo kilistahili kuja na maneno matatu zaidi: badilisha karatasi mapema.

Ratiba yangu ni hii. Maua huchumwa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha na jua halijayalegeza, na huingizwa kibanioni papo hapo. Jioni ile ile nabadilisha karatasi, kwa sababu maji mengi hutoka katika saa za mwanzo, kisha nabadilisha tena kesho yake na baada ya siku mbili. Nati hazikazwi sana siku ya kwanza, bali huongezwa kidogo kila ninapobadilisha. Ua likiwa tayari hukaa limenyooka ukilishika kwenye kikonyo, na ukiligusisha mdomoni halina ubaridi, kwani ubaridi ni dalili ya maji yaliyobaki. Wakati wa vuli, Novemba, siku zilipokuwa za mawingu mfululizo, niliiwasha feni ya mezani na kuielekeza kwenye vifereji vya kadibodi kwa saa chache kila siku, na sikupoteza hata petali moja kwa ukungu.

Katika uchaguzi wa maua ndipo mwenye bajeti ndogo anaweza kufurahi zaidi, kwa maana yanayofaa mara nyingi ni yale yasiyonunuliwa. Bogenvilia ndiyo malkia wa uzio wetu. Sehemu yake yenye rangi kwa kweli ni majani membamba yanayozunguka maua madogo meupe, na wembamba huo huyafanya yawe kama karatasi hata kabla ya kubanwa. Rangi yake ya zambarau na waridi iliyokolea inatokana na kemikali za kundi la betalaini, zile zile zinazotia wekundu katika bitiruti, nayo imekaa vizuri kuliko rangi nyingine zote nilizojaribu. Petali za mkrismasi, ambao huku huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, hubanwa moja moja. Wekundu wake huingia giza kidogo, lakini mishipa yake hujitokeza na kupendeza. Waridi haibanwi nzima, hata kwa kifaa cha bei gani, bali hufumuliwa petali kwa petali na kupangwa upya juu ya karatasi. Yasmini na msanapichi hugeuka kahawia kila mara, huyu wa pili kwa sababu ya unene na utomvu wake, nami nimeacha kuvisumbua. Haibiskasi ina utelezi unaonata, na nimefanikiwa tu kwa kubana petali zake zikiwa zimetenganishwa na kubadilisha karatasi baada ya saa mbili.

Nilichokipenda kuliko vyote kimetoka sokoni. Majani ya karoti, ambayo wauzaji hukata na kuyatupa, yakibanwa hutoa nakshi nyembamba kama ya lesi, yanabaki kijani, na hukauka kwa siku nne. Giligilani nayo inafaa, ingawa hubadilika kuwa manjano mapema. Mama muuza karoti siku hizi ananiwekea fungu pembeni na kukataa malipo, basi nimemtengenezea kadi moja, naye ameibandika kwenye meza yake.

Naomba pia maua yasichumwe katika hifadhi za misitu. Ua dogo la zambarau ambalo dunia inalijua kwa jina la Saintpaulia lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 kutoka maeneo yetu haya na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya, na leo linapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote huku lile la asili likizidi kuadimika kadiri misitu yake inavyopungua. Mwenye kulitaka anunue chungu kwa wauza miche.

Njia za haraka nimezijaribu. Pasi isiyo na mvuke, ikiwa katika joto la chini, ua likiwa kati ya karatasi mbili, inafaa kwa majani: nashikiza kwa sekunde 10 hadi 15, naacha lipoe, narudia. Kwa petali huunguza rangi. Maikrowevu nilitumia kwa ndugu, maua yakiwa yamebanwa kati ya vigae viwili visivyo na chuma chochote, sekunde 20 kwa awamu. Yalikauka vizuri, lakini siwezi kumshauri mtu anunue maikrowevu kwa ajili hiyo.

Gundi ninayotumia ni ile nyeupe ya mbao, ya shilingi 3,000, na karatasi ya manila ya shilingi 1,000. Gundi nyingi hulirudishia ua maji uliyohangaika kuyatoa, na petali nyembamba hujikunja mbele ya macho yako. Kwa hiyo nachovya ncha ya kijiti cha meno na kuweka nukta mbili au tatu tu nyuma ya ua. Fremu ya kwanza, ya shilingi 9,000, niliitundika ukuta wa magharibi, palipo na dirisha, na bogenvilia ikafifia ndani ya miezi mitatu hata ikaonekana kama imefuliwa. Ya pili iko ukumbini, mahali jua lisipofika, nayo haijabadilika tangu Agosti. Wajapani, ambao sanaa hii wanaiita oshibana, huziba fremu zao zisipitishe hewa na kuweka kikausha unyevu nyuma ya picha. Nami nimeiga kwa kadiri ya uwezo wangu: mgongo wa fremu naufunga kwa utepe mpana pande zote, na ndani natia pakiti moja ya silika jeli kutoka kwenye maboksi ya viatu, ambazo familia nzima inanikusanyia. Maua yanayosubiri kazi nayahifadhi katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti hizo hizo.

Ukijumlisha plaiwudi, bolti, rimu, gundi, manila na fremu ya kwanza, nimetumia shilingi 36,000, nazo zimenipa fremu moja na kadi zaidi ya 30. Kifaa cha dukani peke yake kilikula 90,000 kabla sijashika hata gundi. Nakipa nyota tatu kati ya tano: moja kwa ufundi wa mbao, moja kwa nati zinazofunguka bila spana, na moja kwa sababu, baada ya kutiwa kadibodi ya boksi, sasa kinabana petali za mkrismasi na maua madogo bila shida, na ni chepesi kubeba ninapokwenda kwa shangazi Lushoto, ambako bustani yake haijawahi kuninyima kitu.

Masika yanakaribia tena, na haya ndiyo yatakuwa ya kwanza kwa kibanio changu cha plaiwudi. Nimekata kadibodi mpya, nimeanika karatasi zote juzi, na leo asubuhi nimeingiza majani ya karoti na bogenvilia kutoka tawi lile lile la mwaka jana.