Msafiri kabeba nini? Riwaya nne za njozi na nyota nilizosoma kwenye baridi ya Mbeya

Baridi ya Juni na Julai hapa Uyole inajulikana. Saa moja jioni nimeshafunga duka, niko chini ya blanketi na kitabu. Msimu huu niliamua kusoma mambo yasiyokuwepo tu: majini, nchi za angani, watu wa nyota za mbali. Nimesoma vitabu vinne, viwili kwa mara ya kwanza na viwili nikivirudia tangu shule.

Kipimo changu ni kimoja. Mtu wa kwenye hadithi akitoka kwao, mimi naangalia kabeba nini. Mwandishi anaweza kunipeleka popote anapotaka, lakini mzigo wa msafiri ndio unaonifanya niamini kwamba ametoka mahali.

Kwa kipimo hicho, Binti cha Nnedi Okorafor kimenishika kuliko vyote. Kilitoka mwaka 2015, kikachukua Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi na njozi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nami nilikisoma kwenye simu siku tatu, kamusi pembeni. Binti ni msichana wa Kihimba, wale watu wa Namibia ambao wanawake wao hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Anajua hesabu ajabu. Amechaguliwa chuo kikuu kilichoko kwenye sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake, na anatoka nyumbani kwa kutoroka kukiwa bado giza. Chombo kinachompeleka ni kiumbe hai, anafanana na kamba wa baharini. Mzigo wake wa thamani ni kopo la udongo ule.

Kabla hajapanda, akiwa kwenye foleni, wanawake wa watu wengine wanamshika nywele zake na kuongelea harufu ya udongo wake kana kwamba yeye hawasikii. Hapo niliweka simu chini. Nilipoondoka Tukuyu kwenda chuo Iringa, mama alinifungia kiroba: mchele wa Kyela, ndizi mbichi, maparachichi. Bwenini wenzangu wakaniuliza kama mama alidhani Iringa hakuna soko. Nilikisukuma kile kiroba chini ya kitanda wiki nzima, ndizi zikaivia humo humo, na mama alipopiga simu kuuliza kama tumeshakula nikamwambia tumemaliza. Sijawahi kusoma riwaya ya anga iliyonirudisha pale. Na kopo la Binti halikuwekwa kwa ajili ya pambo. Linakuja kufanya kazi kubwa, ambayo siitaji ili nisikuharibie.

Pale nisiporidhika ni mwishoni. Chomboni wanauawa vijana wengi, wenzake aliokuwa ameanza kuwapenda, halafu maridhiano yanafika upesi mno. Kitabu ni kifupi. Kurasa ishirini zaidi za msiba zingekitosha.

Kutoka hapo nikarudi kwa Shaaban Robert, Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Shuleni tulikisoma kutafuta maadili, tukajibu mtihani, tukakiacha. Nimekisoma sasa kama hadithi ya njozi, na nawaomba mlioachana nacho tangu darasani mfanye hivyo hivyo. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mpole, anayesifiwa. Kumbe kila usiku anawachapa nyani wawili. Nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini, na jini Huria ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe. Adili akiacha hata usiku mmoja, adhabu inamgeukia mwenyewe. Hii ndiyo njozi ninayoipenda: jambo la ajabu lina sheria, na sheria ina maumivu. Fikiria mtu anayempenda ndugu yake akiinuka kila usiku kuchukua kiboko. Mzigo wa Adili ni siri hiyo, na mfalme Rai anapoigundua mimi nilipumua kwa niaba yake.

Kusadikika, cha mwandishi huyo huyo, najua kinaheshimiwa sana. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, wanarudi na mambo mema ya kuiponya nchi, wanafungwa. Karama, mshtakiwa, anayasimulia yote hayo akijitetea mbele ya baraza. Hoja zake nazikubali moja baada ya nyingine. Lakini nchi yenyewe iko angani na sikuwahi kuihisi chini ya miguu yangu. Nilitaka kujua wanalima wapi na maji wanachota wapi.

Cha nne ni Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, kilichotoka 1995. Dzombo amehukumiwa kufa, anafungiwa kwenye chombo kinachorushwa angani, na badala ya kufa anafika kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Soma jina la sayari polepole, utasikia: wale ni sisi. Mwanzo wake ni mtamu kweli, kwa sababu Dzombo hana kiroba wala kopo. Kabeba hukumu tu. Akishafika, mafundisho yanakuwa marefu, wenyeji wanaeleza na kueleza, na mimi nilitaka niingie jikoni kwao.

Sura hizo za mwanzo nilimsomea mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na moja. Akauliza: kitu kikitoka huko juu kikatua kwetu, kitakuwaje? Jumamosi moja nikampeleka Mbozi kukiona kimondo, lile pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, limelala katika nchi ya mashamba ya kahawa. Akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha muda mrefu. "Ni baridi, mama mdogo," akasema. Njiani kurudi akataka tuendelee na Dzombo, na kitabu nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Sasa hivi Walenisi iko kwake, amefika katikati. Adili na Nduguze nimemwekea kando, ataanza akimaliza mitihani.