Laptopu yenye skrini ya pikseli nyingi: uzoefu wangu katika kupanga vitabu vya Kiarabu

Kazi yangu ni kupanga maandishi kabla hayajakwenda kwa mchapaji. Duka letu liko ukingoni mwa Mji wa Kale, Mombasa, na vinavyoingia mlangoni ni vitabu vya madrasa, nyiradi, kadi za harusi, matangazo ya mihadhara, na mara moja moja tenzi za Kiswahili za hati ya Kiarabu ambazo mwenyewe anataka zichapwe vilevile, na irabu zake zote, yaani vile vijialama vya juu na chini ya herufi. Kwa hiyo nilipoanza kufikiria laptopu mpya, mambo ya wembamba na rangi ya bati sikuyajali. Nilitaka kujua kama nitaziona irabu.

Laptopu niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 15.6 yenye pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1366 kwa 768. Ukipiga hesabu hiyo ni kama nukta 100 kwa kila inchi. Kwa barua ya Kiswahili cha kawaida inatosha kabisa. Kwa kitabu cha madrasa ni taabu, na asiyefanya kazi hii huenda asijue taabu yenyewe iko wapi. Herufi ba, ta na tha zina mwili mmoja. Kinachozitenga ni nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Weka na irabu hapo. Kisha weka shadda, alama ya kukaza herufi. Katika fonti nyingi, herufi yenye shadda ikitiwa kasra, irabu ya i, hiyo kasra haishuki chini ya herufi, bali hukaa chini ya shadda yenyewe, huko huko juu. Fat-ha, irabu ya a, nayo hukaa juu ya shadda. Kwa hiyo kinachozitofautisha ni kijistari kimoja kuwa upande huu au ule wa alama ambayo nayo ni ndogo kama chawa. Katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwalimu, kijistari hicho ndicho kinachomtenga anayefundisha na anayefundishwa.

Windows ikiwa kwenye asilimia 100, yaani bila kukuza vitu kwenye skrini, herufi za pointi 12 hupewa pikseli 16 za urefu, basi. Humo mnatakiwa mkae herufi, nukta, shadda na irabu. Hapakai. Shadda hubakiwa na pikseli tatu nne, na kompyuta haina la kufanya ila kupaka kijivu na kuacha jicho likisie. Sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu, ambayo ni kiduara, na dhumma, irabu ya u, ambayo ni kama herufi wau ndogo, zote zinakuwa doa moja.

Najua jibu la haraka: vuta karibu, kuza ukurasa hadi asilimia 200. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Lakini ukikuza hivyo, ukurasa unapotea. Unaona nusu ya mstari, unasogeza kushoto, unarudi kulia, na wakati huohuo huoni kama mstari wa chini umebanwa au kama irabu za mstari huu zimegusana na nukta za mstari wa juu. Kazi ya kupanga kitabu ni kuona herufi na ukurasa kwa pamoja. Ndiyo maana tulikuwa tukichapa karatasi nyingi mno za kusahihishia, maana hata printa ndogo ya leza ya duka ina nukta 600 kwa inchi, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana. Karatasi ilikuwa inatuonyesha kile ambacho skrini inatuficha, na tona, wino wa printa hiyo, si bei rahisi.

Binamu yangu hupiga picha za harusi na ana laptopu ya 4K, pikseli 3840 kwa 2160. Aliniazima kwa muda, nikafungulia humo faili la juzuu moja niliyokuwa nikiipanga. Herufi zilikuwa safi kama zimechongwa. Hata hivyo sikuitamani, na sababu ni mbili. Kwanza betri: pikseli milioni nane na zaidi zinahitaji umeme wa kuziangaza na kuzisukuma, na dukani kwetu stima ikipotea mchana nataka laptopu inifikishe jioni. Pili ni jicho lenyewe. Jicho zima, ukikaa sentimita 50 kutoka kwenye skrini, hutenganisha takriban nukta 175 kwa inchi. Skrini ya inchi 14 ya 4K ina kama 315. Nyingi kati ya hizo nalipia bila kuziona. Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 2560 kwa 1440 ina kama 210, imeshavuka kiwango cha jicho na bado haijawa mzigo kwa betri.

Nikaishia kununua ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita, ya mwaka 2018, mtumba uliotoka Ulaya, kwenye duka moja la juu ghorofani karibu na Barabara ya Digo. Modeli hiyo ilitoka kiwandani na skrini za aina tofauti, ya 1920 kwa 1080 na ya 2560 kwa 1440, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Yangu ni ya pikseli nyingi, na ni ile isiyong'aa. Hili la kutong'aa nalisisitiza kwa watu wa Pwani. Duka letu lina mlango mkubwa unaotazama mtaani, na jua la saa nane likipiga ukuta mweupe wa jirani, skrini inayong'aa inageuka kioo cha kujitazamia. Ile ya binamu nilikuwa nikiifunika kwa kipande cha boksi ndiyo nione kitu.

Sasa kuhusu pikseli zenyewe, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pikseli nyingi hazikupi nafasi na ukali vyote kwa mpigo, unagawanya. Ukiiweka Windows kwenye asilimia 200, maandishi yanatoka makali ajabu, lakini nafasi ya kazi inabaki sawa na ya skrini ya 1280 kwa 720, yaani ndogo kuliko ile ya laptopu yangu ya zamani! Ukiiweka asilimia 100 unapata nafasi kubwa kama uwanja wa Makadara, ila herufi zinakuwa ndogo hata kijana wa miaka kumi na minane atakunja uso. Mimi nimetulia kwenye asilimia 175. Hapo nafasi ni kama 1463 kwa 823, imeizidi kidogo ile ya zamani, na herufi ya pointi 12 inapata pikseli 28 badala ya 16. Ukizidisha urefu kwa upana, kila herufi ina pikseli mara tatu ya zamani. Hizo ndizo shadda na kasra zilizokuwa zikikosa pa kukaa.

Nitaeleza siku moja tu ili ionekane ni kitu gani hasa nimekipata. Kuna maalim mzee ambaye huleta vijitabu vyake vya watoto, na miaka yote amekataa kusahihisha kwenye kompyuta. Huja na penseli, hukaa kwenye benchi, hudai karatasi. Safari hii nilimvutia kiti nikamwambia, "Maalim, hebu tizama hapa kwanza." Akavaa miwani, akainama, akawa anafuata mstari kwa kitako cha penseli bila kugusa kioo. Alinyamaza mistari kadhaa. Kisha akasimamisha penseli juu ya herufi moja. "Hii ni sukuni, mwanangu. Yataka dhumma hapa. Kijana aliyenipigia chapa amekosea." Ilikuwa kweli sukuni, kiduara kizima kilichofungika, na ukurasa mzima ulikuwa mbele yetu kwa ukubwa wake wa kawaida. Kwenye laptopu ya zamani mahali hapo pangekuwa na doa, na doa halisahihishwi. Tulimaliza kurasa zote pale pale. Karatasi nilichapa mara moja tu, ya mwisho, na hiyo sitaiacha kamwe, kwa sababu saini ya mwenye kitabu inawekwa kwenye karatasi.

Macho nayo yameshukuru. Jioni sisugui kope kama zamani. Sisemi skrini inatibu macho. Nasema tu kwamba kukisia irabu kutwa nzima ni kazi inayochosha, na sasa sikisii.

Upande wa kero upo, na umejaa kwenye programu za zamani. Tuna programu ya kuandikia risiti iliyotengenezwa enzi ambazo hakuna aliyefikiria skrini za namna hii. Kwenye laptopu mpya ilifunguka na ukungu, maana Windows huchukua picha yake ndogo na kuitanua. Dawa yake ni kubofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia, kuingia kwenye sifa zake, sehemu ya utangamano, na kubadilisha mpangilio unaohusu skrini zenye pikseli nyingi. Ukungu ukaisha, lakini vitufe vikawa vidogo. Kwa risiti tumevumilia. Ukiwa na programu ya zamani ambayo ndiyo kazi yako ya kutwa, ijaribu kwenye skrini ya aina hii kabla hujatoa pesa. InDesign, programu ya kupangia kurasa, na Word za siku hizi hazina shida hiyo.

Kero nyingine ni pale ninapounganisha monita ya zamani ya inchi 24 iliyoko dukani. Monita iko kwenye asilimia 100, laptopu iko kwenye 175, na dirisha ukilivuta kutoka huku kwenda kule baadhi ya programu zinayumba ukubwa. Hata baada ya kuzoea, nikirudisha jicho kwenye monita naona herufi zimevimba kingo, na kazi ya irabu siifanyi tena kule. Monita imebaki ya kuwekea barua pepe na hati ya asili ninayonakili.

Monita ya namna hiyohiyo ndiyo niliyompendekezea rafiki yangu anayefanya kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Alikuja na hamu kuona laptopu, akasema naye atanunua ya namna hii. Nikamwuliza kutwa anatazama nini. Majedwali, safu ishirini, nambari za makontena, fomu za forodha kwenye kivinjari. Huyo anahitaji nafasi. Nambari za kontena ni herufi nne kubwa na tarakimu saba, zinasomeka kwenye skrini yoyote. Monita pana ya inchi 24 au 27 akiichomeka kwenye laptopu yake ileile itamfaa kuliko skrini ndogo yenye ukali ambao kazi yake haiuombi, na pesa itakayobaki alipie betri mpya. Alinisikiliza, na hadi leo ananishukuru.

Kwa anayeamua kununua, mtumba ukaguliwe pale pale dukani, na asifanyiwe haraka. Neno HD lililobandikwa kwenye karatasi ya bei halikuambii kitu. Bofya mahali patupu kwa kitufe cha kulia, fungua mipangilio ya skrini, usome nambari mwenyewe: 2560 kwa 1440 au vinginevyo. Fungua ukurasa mweupe mtupu utafute madoa, kisha mweusi utafute mwanga unaovuja pembeni. Andika neno lenye shadda na kasra kwa pointi 12 ulitazame. Halafu fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inashika kiasi gani. Modeli yangu ilitoka na saa-wati 57. Niliyopewa mwanzo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, nikaonyesha ile ripoti, muuzaji akaileta nyingine bila ubishi. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya X1 Carbon imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki, kwa hiyo ya GB 8 niliipita nikachukua ya GB 16. Na usishuke chini ya prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kwa sababu Windows 11 haizikubali za nyuma yake, na Windows 10 iliacha kupata masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa skrini hii nilizidishiwa shilingi 6,000 juu ya bei ya ile ya 1920 kwa 1080 iliyokuwa rafu hiyohiyo. Hizo zimerudi kwa tona peke yake.