Tandiko la kizimba cha mjusi-ndevu: lipi ulinunue, lipi uliache dukani

Rafu ya matandiko ya reptilia, yaani vitu vya kutandika sakafuni mwa kizimba, katika maduka ya Ulaya na Marekani imejaa mifuko ya kuvutia: mchanga mwekundu, wa manjano, hata wa buluu, na karibu kila mfuko una picha ya mjusi-ndevu akiota joto. Tumeyapitia yanayouzwa zaidi tukimfikiria mjusi huyo mmoja, Pogona vitticeps, mwenyeji wa nyika kavu za ndani ya Australia. Vipimo vyote hapa ni vya kizimba cha sentimita 120 kwa 60, ambacho mjusi mzima hapaswi kukaa kwenye kidogo kuliko hicho.

Tuanze na wa kuacha, yaani mchanga wa kalsiamu. Muuzaji atakwambia mjusi akiumeza unayeyuka tumboni, tena unamjenga mifupa. Sifa hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Mjusi aliyepungukiwa kalsiamu huonja ardhi, na akipata anachokitafuta ataendelea kulamba. Kabonati ya kalsiamu ikilowa hushikana bonge, na utumbo ni mahali penye unyevu. Maganda ya jozi yaliyosagwa ni mabaya zaidi, kwa sababu yana ncha kali na hayayeyuki kabisa. Maranda ya mwerezi na msonobari wala tusiyajadili. Mafuta yake ya harufu yanaumiza mapafu.

Zulia la reptilia linaonekana salama kwa kuwa hakuna punje ya kumezwa. Lakini litazame kwa karibu: nyuzi zake zimefumwa kwa vitanzi, na ukucha wa mjusi umepinda kama ndoana. Anapokurupuka kumfukuza nyenje, ukucha hunasa na kidole huvutwa. Meno nayo yamo hatarini, maana ya pembeni yameungana na mfupa wa taya na yakitoka hayaoti mengine. Juu ya hayo, kinyesi hupenya ndani ya nyuzi, hivyo lazima uwe na vipande viwili, kimoja ndani na kingine kikifuliwa kwa maji moto na kukaushwa kabisa. Kwa bei yake, hatuoni sababu ya kulinunua.

Karatasi za jikoni, au magazeti, hazina urembo wowote na hakuna anayezipiga picha. Hata hivyo kwa mjusi mchanga, mgonjwa, au aliyefika nyumbani juzi, hatupendekezi kitu kingine. Unaona kila choo: kahawia ilivyoshikana, na ile sehemu nyeupe ya mkojo. Nyeupe hiyo ikiwa ngumu na ya njano, mnyama amepungukiwa maji. Ukitaka kupeleka sampuli kwa daktari wa wanyama, unaiokota safi. Kama ana koksidia, yaani vimelea vidogo vya utumbo, karatasi hutupwa pamoja na mayai ya vimelea, wakati kwenye udongo hubaki yakimsubiri. Tandika tabaka mbili au tatu, badilisha kila siku, na usimtoe hapo kabla majibu ya choo hayajawa safi.

Vigae vya sakafu ndivyo tunavyowashauri wanaotaka kazi ndogo. Hesabu yake ni rahisi: vigae 8 vya sentimita 30 kwa 30 vinajaza kizimba chetu, ingawa pima ndani, kwa kuwa unene wa kuta humega sentimita moja au mbili na kigae kimoja huenda kikahitaji kukatwa. Chagua vyenye uso mkavu wa kukwaruza, si vile vya kung'aa. Kwenye vya kung'aa mjusi huteleza na miguu ikatanuka pembeni. Usitumie gundi. Mwaga mchanga mwembamba chini ili visicheze, kisha vibane visiache nyufa, la sivyo nyenje watajificha humo na usiku watoke kumng'ata mjusi aliyelala. Kucha husagika zenyewe. Tahadhari ni joto: kigae cheusi chini ya taa hupata joto kali haraka, kwa hiyo pima uso wake kwa kipimajoto cha infraredi. Panapootewa joto tunataka 38 hadi 42°C. Ikizidi hapo, inua taa au ufunge kidhibiti mwanga.

Ila kigae hakichimbiki, na mjusi-ndevu ni mchimbaji. Kwa mzima mwenye afya, chaguo letu la kwanza ni udongo wa juu uliochanganywa na mchanga wa kuchezea watoto, udongo asilimia 70, mchanga 30. Kwa kina cha sentimita 10 unahitaji lita 72, yaani takriban lita 50 za udongo na 22 za mchanga. Soma mfuko wa udongo: usiwe na mbolea, dawa ya wadudu, wala zile punje nyeupe za palaiti. Osha mchanga mpaka maji yatoke angavu. Changanya, nyunyiza maji, kisha fumba konzi moja ngumini. Ukifungua, bonge likibaki na alama za vidole bila kuchuruzika, umepata. Likimomonyoka, ongeza maji. Likidondosha, ongeza udongo mkavu. Shindilia kwa kipande cha ubao, washa taa, uache siku 3 hadi 7 bila mnyama. Ukigonga kwa kifundo cha kidole pasikike pagumu. Wengi huharakisha hapa, wakaishia na vumbi juu na ukungu chini.

Usisahau uzito. Mchanganyiko huo ukiwa mbichi unakaribia kilo 100, na meza ya kawaida haikuundwa kubeba hivyo.

Asiyetaka kuchanganya anaweza kununua mfinyanzi wa tayari, kama Excavator Clay ya Zoo Med au Stone Desert ya Exo Terra. Unaulowesha, unaufinyanga kuwa mashimo na vilima, unakauka ukawa mgumu. Unapendeza kweli. Ila kujaza kizimba kizima ni gharama, na maji yakipungua wakati wa kukanda, unapasuka na kurudi kuwa chenga. Tungeutumia upande mmoja tu.

Na kuziba utumbo? Ulimi wa mjusi-ndevu unanata. Anapompiga nyenje, punje chache huja naye. Mwenye afya huzitoa. Anayeziba mara nyingi ni yule ambaye taa yake ni dhaifu, hana UVB (miale ya taa maalumu inayofanana na ya jua), hanywi vya kutosha, au analishwa wadudu wapana kuliko nafasi kati ya macho yake. Kwa hiyo lisha kwenye bakuli lenye kuta laini. Siku kadhaa bila choo, tumbo gumu na miguu ya nyuma kuburuta ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.

Mwenye jike aongeze kitu kimoja, hata kama jike huyo hajawahi kukutana na dume, maana anaweza kutaga vilevile: sanduku la kutagia lenye sentimita 20 hadi 30 za mchanganyiko huohuo, ukiwa na unyevu wa kutosha shimo lisiporomoke.