Duka la vyakula asilia mjini Kisumu: nafaka za kutegemewa, lebo za kutiliwa shaka

Kwa miezi mitano sasa nimekuwa mteja wa duka moja dogo la vyakula asilia hapa Kisumu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Kibuye, na ninaandika tathmini hii kwa sababu majirani na jamaa kadhaa wameniuliza kama linafaa. Linafaa sana kwa upande wa kushoto unapoingia, kuliko na nafaka, njugu na mboga zilizokaushwa. Upande wa kulia, kwenye mitungi, chupa na pakiti zenye maandishi mengi, ninamsihi mnunuzi asome polepole kabla ya kutoa pesa. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa nitakayolalamikia yamo katika maduka mengi ya aina hii kutoka Nakuru hadi Busia, na si haki kumbebesha mfanyabiashara mmoja lawama ya wote.

Nilianza kwenda pale kwa ajili ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, ambaye ana kisukari cha aina ya pili na ambaye daktari wake alimshauri apunguze ugali wa unga mweupe. Mama hapendi kuambiwa ale kidogo, lakini uji wa wimbi ameupenda tangu utotoni, na hapo ndipo duka hili liliponivutia. Wimbi yao hupepetwa, huoshwa na kuanikwa kabla ya kusagwa, na katika kilo zote nilizonunua sijasikia mchanga ukikwaruza meno hata mara moja. Aliyewahi kununua wimbi ya gunia sokoni na kuipika bila kuiosha anajua uzito wa sifa hiyo. Kilo moja ya unga ni shilingi 180, bei iliyo juu kidogo ya ile ya soko, nami huilipa bila kinyongo.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba mashine ya kusagia imo dukani humo, na mteja anaweza kuomba unga wa chenga badala ya unga laini. Wengi hudhani kwamba nafaka ikishakuwa ya asili basi sukari ya damu imepona, ilhali namna ya kuisaga na kuipika ina nguvu kubwa. Mwaka wa 1981, David Jenkins na wenzake huko Toronto walichapisha kipimo cha kulinganisha vyakula kwa jinsi kila kimoja kinavyopandisha sukari ya damu, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba nafaka ileile husagika tumboni upesi zaidi inapokuwa unga laini kuliko inapobaki na chembechembe. Nilijaribu nyumbani kwa kipima sukari cha mama. Saa mbili baada ya uji wa unga laini, tena mtupu, alisoma milimoli 12.8 kwa lita; siku nyingine, baada ya kikombe kilekile cha uji wa chenga ulioliwa pamoja na njugu za kuchemsha, alisoma 9.9. Siku mbili za mtu mmoja haziwezi kuitwa utafiti, kwa sababu huenda usiku mmoja alilala vizuri kuliko mwingine, au alitembea zaidi asubuhi ile. Hata hivyo nimerudia mara kadhaa na mwelekeo umekuwa uleule, na hiyo ndiyo sababu ninaomba chenga kila ninapoenda.

Njugu zao nazo ni safi. Niliuliza waziwazi kuhusu aflatoksini, yaani sumukuvu, kwa maana nchi hii haijasahau mwaka wa 2004, ambapo mahindi yaliyoota kuvu huko mashariki yaliwaugulisha watu 317 na kuua 125 kati yao. Binti anayehudumu alinionyesha jinsi wanavyochambua kwa mkono na kutupa kila punje iliyokunjamana au kubadilika rangi, na jinsi magunia yanavyowekwa juu ya mbao badala ya kulazwa sakafuni. Uchambuzi wa namna hiyo hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa hauwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha maabara, ambacho wao hawafanyi. Alikiri hivyo bila kuzungukazunguka, nami nilimheshimu kwa ukweli huo.

Mboga zilizokaushwa ni za kiwango cha kati. Kunde na saga zao zinarudi vizuri zikilowekwa, lakini managu hupoteza ladha, na kwa mtu anayeishi mji ambao akina mama huuza osuga na dek (yaani managu na saga kwa Kijaluo) mbichi kila jioni kando ya barabara, sioni sababu ya kununua zilizokauka isipokuwa wakati wa kiangazi. Ninashukuru tu kwamba mboga hizi zimepata rafu dukani. Kizazi changu kilikua kikiambiwa kuwa ni chakula cha maskini, na mabadiliko tunayoyaona leo hayakuja yenyewe: Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuchunguza mbegu, kilimo na virutubishi vya mboga za kienyeji, hata hoteli na maduka makubwa yakaanza kuziagiza. Huo ni utafiti uliofika hadi kwenye sahani.

Sasa upande wa kulia.

Bidhaa inayouzwa zaidi pale ni unga wa majani ya mlonge (moringa), gramu 250 kwa shilingi 350. Pakiti yake imeandikwa kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa, kalsiamu mara nne ya maziwa, vitamini A mara nne ya karoti na potasiamu mara tatu ya ndizi, na chini yake maneno "utafiti umethibitisha". Nilipouliza ni utafiti gani, kijana wa zamu alinijibu kwa upole, "Mama, hii imepimwa hadi nje ya nchi." Simlaumu, kwa sababu yeye hurudia alichoambiwa. Lakini hesabu yenyewe mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa amesimama kaunta.

Ulinganisho huo hutolewa kwa gramu dhidi ya gramu, tena kwa majani mabichi. Vitamini C haistahimili kukaushwa, kwa hiyo ile "mara saba" ya jani bichi haimo kwenye unga. Gramu 100 za unga mkavu hubaki na vitamini C pungufu ya ile ya chungwa. Kalsiamu inabaki, na kwa kweli ni nyingi, takribani miligramu 2,000 katika gramu 100 za unga. Lakini ni nani anayekula gramu 100 za unga wa mlonge? Pakiti inaelekeza kijiko kimoja cha chai kwa siku, ambacho kina uzito wa gramu tatu hivi, nazo zinaleta miligramu 60, wakati glasi moja ya maziwa inaleta karibu 300. Kikombe cha uji uliopikwa kwa gramu 50 za unga wa wimbi, kutoka rafu ya upande wa pili wa duka hilohilo, kinaleta miligramu 170 hivi kwa gharama ya shilingi tisa, na mtu anashiba. Wimbi haina pakiti inayong'aa, na pengine ndiyo maana hakuna anayeisifu. Ni kweli kwamba sehemu ya kalsiamu na chuma ya wimbi hushikwa na fitati zilizomo kwenye punje, lakini mabibi zetu walikuwa na dawa yake: walichachusha unga siku mbili tatu kabla ya kupika, na uchachushaji huo huvunja fitati na kuyafungua madini.

Sisemi mlonge ni bure. Ni mboga nzuri yenye protini, na mwenye mti uani achume majani apike pamoja na kunde. Ninachokataa ni kuuziwa mboga kwa bei na heshima ya dawa. Mama yangu aliunywa kwa wiki sita, akasema anajisikia mwepesi, na sina sababu ya kumbishia, kwani hisia hiyo ni halisi na hata wanasayansi wameichunguza. Mwaka wa 2011 Alia Crum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa watu 46 kinywaji kilekile cha maziwa chenye kalori 380 kwa siku mbili tofauti. Siku moja lebo ilisema kina kalori 620, siku nyingine ilisema 140. Homoni ya njaa ilishuka kwa kasi zaidi walipoamini kwamba wamekunywa kile kizito. Lebo iliingia mwilini pamoja na kinywaji. Ndiyo sababu ninasisitiza lebo ziandikwe kwa uaminifu, kwa kuwa kujisikia vizuri hakujashusha sukari ya mama kwenye kipima chetu, na mgonjwa anayejisikia vizuri ndiye anayesahau vidonge.

Hilo ndilo lililokuwa karibu kutokea. Kando ya mlonge kuna mdalasini wa kusaga uliobandikwa karatasi ya mkono inayosema "hushusha sukari". Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, lilichapisha mapitio yake mwaka wa 2012 kuhusu majaribio kumi yenye wagonjwa 577 wa kisukari, na halikupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono mdalasini kwa ugonjwa huo. Mama alikuwa ameanza kuuweka kwenye chai na kuruka kidonge cha jioni. Tulizungumza kwa muda mrefu usiku ule, naye sasa anatia mdalasini kwa ladha tu na vidonge vyake anameza.

Pakiti iliyonihuzunisha kuliko zote, hata hivyo, ni ya majani makavu ya artemisia, yanayouzwa kama chai ya kuzuia na kutibu malaria. Katika mji wowote hilo lingekuwa kosa. Kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria haiondoki mwaka mzima na watoto ndio wanaoumia zaidi, ni hatari. Mmea wenyewe una historia ya kweli na ya kupendeza. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015, alitoa dawa ya artemisinini kwenye mmea huo baada ya majaribio mengi kushindwa, na kilichomfungua macho ni maandishi ya kale ya Ge Hong yaliyoagiza mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja kuuchemsha. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu nguvu yake, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, badala ya kuuchemsha kwa maji, na mwaka wa 1971 akapata kilichofanya kazi kikamilifu kwa wanyama wa maabara. Sasa, pakiti ya duka letu inaagiza majani yachemshwe kwa dakika 15!

Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, na hakuna mama jikoni anayeweza kujua kikombe alichompa mtoto kina kiasi gani. Kiasi kidogo hupunguza homa kwa siku mbili huku vimelea vikibaki, na vimelea vinavyobaki hujifunza kuistahimili dawa tunayoitegemea sote. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea huu kwa namna hiyo. Pakiti haikuwa na namba yoyote ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, bodi ambayo bidhaa za mitishamba zinazodai kutibu hupaswa kupitia. Na inawezekana kuipitia: kikundi cha wakulima wa Muliru, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, hutengeneza dawa ya kuchua ya Naturub kutokana na mmea wanaoulima wenyewe, wakishirikiana na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na bidhaa yao imesajiliwa.

Asali yao ni nzuri, nzito, yenye harufu ya maua, shilingi 450 kwa nusu kilo. Ila mwenye kisukari asidanganywe na neno "asilia", kwa kuwa Shirika la Afya Duniani huihesabu asali pamoja na sukari nyingine za kupunguzwa. Mizizi ya mukombero ni mibichi na ya bei nafuu, na mimi hutafuna kipande kwa ladha yake tu.

Huduma ni ya heshima. Mizani huonekana na mteja, risiti hutolewa bila kuombwa, na unga uliowahi kunipa harufu ya uvundo mwezi wa pili ulibadilishwa papo hapo. Nilizungumza na mwenye duka kuhusu chai ya artemisia na karatasi ya mdalasini. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana kuhusu kuchemsha, na nilipofika wiki iliyofuata karatasi ya mdalasini ilikuwa imebanduliwa. Chai ya artemisia bado ipo, ingawa imehamishwa rafu ya chini, naye akaniambia, "Dada, wacha iliyobaki iishe, sitaagiza nyingine." Nilimwomba aitoe kabisa, nikamweleza kwamba pakiti moja yaweza kumfikia mama mwenye mtoto anayechemka homa usiku. Hatujakubaliana, nami nitauliza tena Jumamosi.

Anayetaka wimbi ya chenga afike kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu baada ya hapo mashine husaga unga laini tu, na abebe mfuko wake mwenyewe.