Uzoefu wangu na StarCraft II: ukipigwa, unajua ulipigwa wapi

Gemu za kuongoza majeshi, zile ambazo saa haisimami kukusubiri uwaze, nimecheza nyingi, na hakuna iliyonikaa kama StarCraft II. Si gemu mpya. Ilitoka Julai 2010, ikafuatwa na Heart of the Swarm mwaka 2013 na Legacy of the Void mwaka 2015, na tangu Novemba 2017 sehemu yake kubwa inachezwa bure. Ninachoisifia si michoro wala hadithi, ingawa vyote viwili ni vizuri. Ninaisifia kwa sababu ina haki. Ukishinda, ushindi ni wako. Ukipigwa, unaweza kurudi nyuma ukaona ni dakika ipi mambo yalianza kukuharibikia, na mara nyingi siyo ile uliyodhani.

Kwa asiyeijua: mambo yanatokea kwenye sayari za mbali, na wanaogombana ni mataifa matatu. Terran ni binadamu, watu wa bunduki, vifaru na meli za anga. Zerg ni viumbe wanaozaliana kwa wingi, na hata majengo yao ni nyama na ngozi. Protoss ni taifa la kale lenye teknolojia ya juu. Askari wao ni wachache, ghali, na kila mmoja ana ngao inayojijaza tena akipumzishwa.

Gemu nyingi hujinadi kwamba zina mataifa tofauti, kisha unakuta kilichobadilika ni rangi ya mavazi. Hapa tofauti inaanzia kwa kibarua. Kibarua wa Terran akijenga, anakaa palepale anachomelea mpaka jengo liishe, na akiuawa katikati, jengo linabaki gofu mpaka umlete mwingine. Wa Protoss anaanzisha tu, jengo linajileta lenyewe, na yeye anarudi kuchimba madini. Wa Zerg ndiye anayegeuka kuwa jengo, kwa hiyo kila ukijenga umepoteza mtu wa kazi. Ukitaka majengo matatu ya haraka ukiwa Zerg, una vibarua watatu pungufu, na adui anayejua kuhesabu anakuja wakati huohuo. Jambo dogo kama hilo linafanya watu watatu waliokaa kwenye ramani moja wawaze kwa namna tatu zisizofanana. Mimi nacheza Terran, na bado nikihamia Protoss kwa wiki moja najihisi mgeni kabisa.

Sasa nifike kwenye uchumi, maana ndio roho ya gemu hii. Watu wengi huvutwa na vita, na vita ni vya kupendeza kweli, lakini mechi nyingi za ligi za chini huamuliwa na madini. Kila kibarua anagharimu madini 50. Kambi moja ina mafungu manane ya madini na visima viwili vya gesi. Vibarua 16 kwenye madini na watatu kwa kila kisima, jumla 22, ndio ujazo unaofaa. Ukizidisha hapo wanaanza kusubiriana. Basi unafungua tawi la pili, halafu la tatu. Jeshi na vibarua wote kwa pamoja hawavuki 200, na hata kufika huko lazima uwatafutie makazi. Kwa Terran, Supply Depot moja ya madini 100 inakupa nafasi 8. Usipoijenga kwa wakati, kambi nzima inasimama kuzalisha, na adui yako hasimami.

Mdogo wangu alipoanza kuicheza alikuwa na malalamiko yaleyale niliyosikia kwa wengi: kwamba adui ana jeshi kubwa kuliko haki, kwamba taifa fulani limependelewa. Nikamwambia tuangalie marudio ya mechi. Gemu inahifadhi kila mechi, na unaweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma, kuitazama kwa macho ya adui, na kufungua majedwali yanayoonyesha kila mmoja anazalisha nini, anaingiza kiasi gani, na ana akiba gani ambayo hajaitumia. Kwenye dakika ya sita kulikuwa na pambano la Marine wanane, askari wa bunduki wa Terran, dhidi ya Zealot wachache, askari wa Protoss wa kupigana ana kwa ana, na yeye alikuwa amelikodolea macho mwanzo mpaka mwisho. Alilishinda. Jedwali likaonyesha kwamba wakati anatazama, madini yake yalilala mpaka 1,400, yaani Marine 28 ambao hawakuzaliwa. Adui aliyepoteza wale Zealot hakuacha kuzalisha hata mara moja. Kijana alinyamaza, akarudisha nyuma tena, akatazama upya. Toka siku hiyo sijamsikia akisema taifa fulani limependelewa.

Haki ninayoisema imo hata kwenye hesabu za risasi. Kwenye StarCraft ya kwanza, ya 1998, ukimpiga mtu aliye juu ya mlima ukiwa chini, karibu nusu ya risasi zako zilipotea kwa bahati nasibu. StarCraft II iliondoa hilo. Mlima unakuficha usionekane, ila ukishaonekana risasi inapiga. Marine ana nguvu 6 kwa risasi, Zergling, yule askari mdogo wa Zerg, ana uhai 35, kwa hiyo anakufa kwa risasi sita. Ukilipia uboreshaji wa kwanza wa silaha, madini 100 na gesi 100, nguvu inakuwa 7, na Zergling ambaye ngozi yake haijaboreshwa anakufa kwa tano. Kwa Zealot utamu umezidi. Kila pigo lake ni mikato miwili ya nguvu 8, kwa hiyo anahitaji mapigo matatu kumuua Zergling. Akiboreshwa mara moja anamuua kwa mawili. Uboreshaji huo mmoja unageuza pambano zima. Wachezaji wa Zerg wanaojua hili hupeleka mpelelezi mapema kuangalia kama jengo la Forge, ambamo Protoss huboresha silaha, limeanza kazi. Mtu anayepoteza mechi hapo hajaonewa na kompyuta. Kulikuwa na taarifa, na mmoja aliifuata.

Kuhusu mtandao, kwa sisi tulioko Afrika Mashariki. Seva zimegawanywa kwa kanda za Marekani, Ulaya na Asia, na kwetu ya Ulaya ndiyo inayofaa. Kushusha gemu kunahitaji subira, kwa sababu inachukua nafasi ya takriban GB 30, hivyo tafuta bando la usiku au mtandao wa ofisi uliokubaliwa. Baada ya hapo unapumua. Mechi yenyewe inakula data kidogo mno, maana kinachosafiri ni amri za wachezaji, picha zote zinachorwa kwenye kompyuta yako. Amri inachelewa kidogo kufika, na utalihisi hilo pale Baneling, wale wadudu wa Zerg wanaojilipua, wanapobingirika kuelekea kwenye Marine wako na unatakiwa kuwatawanya kwa makundi madogo kabla hawajalipuka. Kwenye ligi za Shaba mpaka Dhahabu ucheleweshaji huo hauamui mechi. Juu zaidi unaanza kuuma, na hapo ningependa sana kuona seva iliyo karibu nasi. Saa zetu na za Ulaya zimekaribiana, kwa hiyo jioni hukosi mpinzani. Kwangu kusubiri huwa ni muda mfupi tu.

Kompyuta haihitaji kuwa ya maajabu. Laptop yangu ni ya mtumba, yenye RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha ya pembeni, na mechi ya mmoja kwa mmoja inakwenda vizuri nikishusha michoro. Mechi za wanne kwa wanne majeshi yakijaa inakuwa nzito, sitaficha.

Wapo wanaoshikilia kwamba ile ya 1998, pamoja na nyongeza yake ya Brood War, ndiyo StarCraft halisi. Nawaheshimu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kule huwezi kushika askari zaidi ya 12 kwa wakati mmoja, na kila kibarua akizaliwa lazima umwelekeze kwa mkono aende kuchimba. Kwao ugumu huo ndio uliotenganisha bingwa na mtu wa kawaida, na ndio uliowafanya Wakorea wajaze kumbi kutazama vijana wakibofya kibodi. Mimi naona StarCraft II ilifanya vema kukuachia umshike kila askari uliye naye na vibarua waende kazini wenyewe, kwa sababu nguvu iliyobaki inakwenda kwenye kufikiri. Na wala haikuwa rahisi. Wachezaji wa kulipwa bado wanafanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika.

Hata mashine iliwafundisha watu kitu humu. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ilionyesha programu yake ya AlphaStar ikiwafunga wachezaji wa kulipwa, na moja ya mambo yaliyowashangaza watazamaji ni jinsi ilivyozalisha vibarua kupita ule ujazo wa 16 ambao kila mtu aliuona ni sheria. Hasara ya kusubiriana ilikuwapo, lakini ilipofungua tawi ilikuwa na watu tayari wa kuhamishia, na ilipovamiwa haikuyumba. Nilijaribu hilo kwenye mechi zangu na nimeliweka kuwa desturi.

Asiyependa kushindana na watu ana sehemu yake. Hadithi ya Wings of Liberty, ile sehemu ya kwanza ya 2010, ni bure yote, na misheni zake zimetungwa na mtu aliyejali. Kuna moja kwenye sayari ya Redstone ambapo lava inapanda kila baada ya muda na kuchoma chochote kilicho bondeni, kwa hiyo unachimba ukiwa umetega sikio, ukisikia onyo unakimbiza vibarua juu. Kuna nyingine huko Meinhoff ambapo usiku wagonjwa waliogeuka mazimwi wanakujia kwa mafuriko na mchana jua linawachoma. Unalinda usiku, unatoka kuteketeza majengo yao alfajiri. Heart of the Swarm na Legacy of the Void unalipia. Kisha kuna Co-op, wachezaji wawili dhidi ya kompyuta, kila mmoja na kamanda wake. Raynor, Kerrigan na Artanis ni bure moja kwa moja, wengine unawaonja mpaka ngazi ya 5. Huko ndiko ninakokwenda nikitoka kazini nimechoka, na ndiko ningempeleka rafiki ambaye amezoea mpira wa PS na hajawahi kugusa gemu ya namna hii.

Yanayonikera yapo. Oktoba 2020 Blizzard, wenye gemu hii, walitangaza kwamba hawatatengeneza tena maudhui mapya ya kuuza kwa ajili ya gemu hii, na tangu hapo makamanda wapya na misheni mpya vimekoma. Marekebisho ya uwiano wa mataifa bado huja, ila kwa kusuasua. Mazungumzo ya ndani ya mechi yana matusi, hasa anayepoteza akiona amepotea. Zima tu, hukosi chochote. Na mechi za mmoja kwa mmoja zinachosha akili kweli. Huna mwenzako wa kumsukumia lawama, moyo unakwenda mbio, na baada ya mechi kadhaa mikono inakuwa na jasho. Wengine huacha kwa ajili hiyo na siwalaumu.

Lakini mashindano bado yako hai, na hilo linanipa raha ya ajabu kwa gemu ya umri huu. Mfini Serral alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2018 kwa kumfunga Mkorea Stats 4-2, alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Korea kufika hapo. Mwaka 2024 Mfaransa Clem akamfunga Serral 5-0 kwenye fainali ya Esports World Cup mjini Riyadh. Riyadh saa zake ni saa zetu, hivyo kwa mara moja tukatazama fainali bila kukesha. Nilichokiona pale ni Terran anayeshambulia sehemu mbili tatu kwa mpigo huku kambini uzalishaji haukatiki, yaani kilekile ninachomwambia mdogo wangu kila siku, kwa kasi ambayo mkono wangu hautaifikia.

Ukitaka kuanza, usianze na ligi. Cheza misheni kadhaa za Wings of Liberty, kisha mechi na kompyuta ya ngazi ya chini ukiwa na lengo moja tu: vibarua wasikatike na madini yasilale, jeshi litapigana lenyewe. Jifunze namba za kibodi za kuita kambi zako bila kugusa kipanya. Ukikaa vizuri hapo, ingia kwenye mechi zisizo za daraja ukiwa na taifa moja na usilibadili. Kununua Legacy of the Void nashauri usubiri punguzo, isipokuwa kama hadithi ya Protoss imekushika; mimi ilinishika, nikanunua kwa bei kamili.