Kadi za mfukoni za sheria za vita: zinafaa wapi, zinafeli wapi

Askari wa Marekani aliyepelekwa Vietnam miaka ya 1960 alikabidhiwa vikadi vya kutoshea kwenye pochi. Viwili ndivyo vinavyopimwa hapa: kile cha Kanuni Tisa na kile cha Adui Aliye Mikononi Mwako. Wakufunzi wa kijeshi bado wanagawa kadi za mtindo huohuo, kwa hiyo kasoro zake hazijapitwa na wakati.

Kanuni Tisa kwanza. Kumbuka sisi ni wageni hapa. Changamana na wananchi, jua maneno mawili matatu ya lugha yao. Waheshimu wanawake. Mpishe Mvietnam njiani. Usipige kelele, usijionyeshe una mali. Ya sita inakutaka uwe macho, na ya tisa inakukumbusha kuwa utawajibika kwa kila ulitendalo. Adabu njema, tena ingemfaa hata mtalii. Ila hakuna mstari unaokataza kumuua asiye na silaha, wala unaokueleza ufanyeje mkubwa wako akikuamuru umuue. Nyota moja kati ya tano.

Kadi ya pili imetengenezwa na mtu anayeijua kazi. Mnyang'anye silaha, mpekue sawasawa, mwamuru anyamaze, mtenge na wenzake, mlinde, mfikishe pale kamanda aliposema. Usimtese, usimdhalilishe, usimnyime matibabu, usichukue vitu vyake visivyo na maana ya kijeshi. Inawataja washukiwa na raia pamoja na mateka, na inasema wazi kwamba kumtendea vibaya mateka ni jinai. Askari aliyechoka hukumbuka kazi ya mikono kuliko nasaha, na hapo kadi hii inashinda. Tatizo ni kwamba inaanza kufanya kazi mtu akishakamatwa. Kabla ya hapo, bunduki ikiwa begani, iko kimya. Nyota tatu.

Jaribio lenyewe lilikuwa My Lai, kijiji cha Vietnam Kusini ambako askari wa Marekani waliua raia, 16 Machi 1968. Kombania ya Charlie, kikosi cha Marekani kilichofanya mauaji hayo, ilikuwa Vietnam tangu Desemba 1967, ikipoteza watu kwa mabomu ya kutegwa bila kumwona aliyeyatega. Tarehe 14 sajenti wao mmoja aliuawa hivyo hivyo. Jioni ya tarehe 15 wakaelezwa kwamba kesho watakutana na batalioni ya 48 ya Viet Cong, wapiganaji wa msituni waliopigana na Marekani, na kwamba kufika saa moja asubuhi raia watakuwa wameshakwenda sokoni. Tazama maelezo hayo yanafanya nini: yeyote atakayekutwa kijijini amekwisha kuwa adui kabla hajaonekana. Walipofika hawakupigwa risasi. Walikuta wanawake, wazee na watoto. Jeshi la Marekani lilihesabu waliouawa 347, Wavietnam wanahesabu 504. Bunduki zilizopatikana ni tatu.

Kadi ilikuwa mfukoni, lakini hakuna anayetoa pochi asome katikati ya operesheni. Askari humtazama aliye kushoto kwake na mkubwa aliye mbele, na siku ile Luteni William Calley, kiongozi wa platuni moja ya kombania hiyo, alikuwa anafyatua mwenyewe. Ongeza uchungu wa mwenzao aliyeuawa juzi, na vita iliyopima ushindi kwa idadi ya maiti, ambapo maiti ya mkulima iliingizwa hesabuni kama ya mpiganaji. Utafiti wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wa 2004 ulifikia jambo hilohilo: kuijua kanuni hakutoshi, kwa sababu mpiganaji huvutwa na kundi lake na utii wake, kisha hujihalalishia kwamba adui ndiye aliyeanza.

Wapo waliokataa kupiga. Rubani Hugh Thompson alikwenda mbali zaidi. Akiwa angani aliona mtaro uliojaa watu, hakuwa chini ya amri ya Calley, na redio alikuwa nayo. Alitua kati ya askari na wanakijiji, akawaambia wenzake Lawrence Colburn na Glenn Andreotta wawapige Wamarekani iwapo watawafyatulia watu wale, akaita helikopta nyingine zije kuwaondoa. Taarifa yake ndiyo iliyochangia amri ya kusitisha. Medali ya Askari (Soldier's Medal) aliipata 1998.

Toleo la baadaye la Jeshi la Marekani, Kanuni kumi za Askari, limejifunza kitu: mbili za mwisho zinamtaka azuie uvunjaji wa sheria na aripoti kwa mkubwa wake. Lakini mkubwa huyo akiwa ndiye mhusika? Calley alihukumiwa kifungo cha maisha 1971, akatumikia kama miaka mitatu na nusu, mingi nyumbani kwake. Hakuna mwingine aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale.

Anayechapisha upya kadi za namna hii aongeze njia ya pili ya kuripoti: mwanasheria wa jeshi, polisi wa jeshi, au kasisi wa kikosi. Somo lifundishwe na sajenti anayeheshimika akiwa bega kwa bega na mwanasheria, maana mwanasheria peke yake huwasinzisha. Zoezi la uwanjani liwe na amri haramu iliyofichwa katikati ya amri halali, atakayeitekeleza arudie zoezi zima. Na hati ya operesheni iwe na aya inayosema raia wako wapi, wataondoka kwa njia ipi, na wakikutwa wapelekwe wapi. Bila aya hiyo, nyota tatu za kadi ya Adui Aliye Mikononi Mwako zinashuka hadi mbili.