Bodi ya relei kwenye pedali yangu ya distosheni: mwezi mmoja tangu niifunge

Swichi ya mguu ya pedali hii, kile kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa, ilianza kunisumbua kidogo kidogo. Nakanyaga, sauti inapotea kabisa. Nakanyaga tena, inarudi. Ni ile swichi ya kawaida yenye miguu 9, ambayo sauti ya gitaa hupita ndani yake kwenye vibati vinavyogusana. Vibati vikichakaa, au ukizidisha moto wakati wa kulehemu hadi plastiki ikalegea, basi imekwisha. Nilikuwa nimeshabadilisha mbili. Ya tatu ilipoanza vituko, nikaagiza bodi ya relei.

Bodi haizidi upana wa vidole viwili. Ina relei ya volti 5 (swichi ndogo inayogeuzwa na koili, yaani sumaku ya umeme, na sasa sauti hupita humo), regulata inayoshusha volti 9 hadi 5, na kichipu chenye programu yake. Swichi mpya ni ya kubonyeza na kuachia, miguu 2 tu, wala sauti haipiti kwake. Kazi yake ni kukiambia kichipu kwamba umekanyaga, na kichipu ndicho kinachoigeuza relei. Kwa hiyo hata swichi ikifa kesho, ni nyaya mbili tu za kulehemu upya. Na haina ule mlio wa "kacha" ambao maikrofoni ilikuwa inaudaka kila nikianza wimbo wa taratibu.

Lawama yangu kubwa ni mchoro waliouweka kwenye pakiti. Umechorwa kwa kuitazama bodi upande wa vifaa, ilhali nyaya unazilehemu upande wa nyuma, na hawajasema popote. Nikaufuata ulivyo. Pedali ikiwa imezimwa, gitaa lilipita vizuri, nikiiwasha, kimya. Nikafungua, nikaweka multimita kwenye mlio (inalia pale waya unapounganika), nikafuata waya mmoja mmoja kutoka jeki ya kuingilia. Kumbe waya wa kupeleka sauti kwenye saketi na wa kuirudisha vilikuwa vimepishana. Mstari mmoja wa maandishi ungeniokolea jioni nzima.

Halafu likaja lile "paa!" kila nikikanyaga. Watu wengi huitupia relei lawama, lakini kwangu chanzo kilikuwa kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, za kwenye mlango wa saketi. Relei ikiutenga mlango, upande mmoja wa kapasita unabaki unaning'inia na chaji inajikusanya polepole. Ukiwasha, chaji yote inamwagikia amplifaya kwa mpigo. Ili chaji ivuje taratibu, nililehemu rezista ya megaomu 1 kutoka kwenye mlango wa kuingilia wa saketi hadi hasi, na nyingine kwenye mlango wa kutokea. Paa ikaisha. Ikabaki "tk" ndogo sana, nayo ikapungua nilipouchukua umeme wa bodi moja kwa moja kwenye tundu la adapta, badala ya kuupitisha kwanza kwenye saketi, na kuziweka nyaya za sauti mbali na koili ya relei. Sasa naisikia nikiwa nimeongeza distosheni hadi mwisho tu.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kuagiza. Relei ya kwangu ni ile inayoshikiliwa na umeme: koili yake ya miliwati 140 inakula karibu miliampea 28 muda wote pedali ikiwa imewashwa, wakati saketi yangu ya distosheni haifiki hata 5. Betri ya volti 9 haitadumu, tumia adapta. Zipo pia zinazojifunga zenyewe, zinazohitaji mshtuko mmoja tu wa umeme, ila umeme ukikatika zinabaki zilipokuwa. Ukiwa katikati ya solo, gitaa linanyamaza. Ya kwangu inaanguka upande wa kupitisha sauti safi, na nimeijaribu kwa kuchomoa adapta huku napiga: distosheni iliondoka, gitaa likaendelea. Kwa anayepiga jukwaani, mimi ningechukua hii.

Kufunga kwenyewe si kugumu kwa mtu aliyewahi kulehemu, ila pima nafasi ndani ya kasha kwanza, maana relei ina kimo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba ukikanyaga ukashikilia, distosheni inadumu kadiri mguu ulivyo chini. Kwenye kiitikio naikanyagia nota ya mwisho peke yake, naiacha ivume, nikiinua mguu ubeti unaofuata unaanza na gitaa safi.